Kiboko, Mgeni Rasmi wa Tamasha la Filamu

Enyi mlioketi.

— Tumeketi.

Niwape?

— Tupe.

Na nikizidisha chumvi?

— Tutaonja hivyo hivyo.

Haya, onjeni.

Zamani, lakini si zamani sana, maana mashine za kuonyesha picha zilikwisha kuwepo, ukame uliingia nchi ya Ngoromba. Mto ukakauka, visima vikakauka, hata umande ukasahau njia. Likabaki bwawa moja tu, na ndani ya bwawa hilo alikaa Mzee Kiboko. Alikaa asubuhi, alikaa mchana, alikaa jioni. Hakutoka hata kwenda kula, kwa sababu majani aliletewa na wenye kiu, wakidhani siku moja ataona haya. Kiboko akala majani, wala haya hakuona.

Akija Swala, Kiboko alifungua kinywa, akaonyesha meno: "Maji haya ni ya kuogea, si ya kunywea."

Akija Pundamilia, Kiboko alifungua kinywa, akaonyesha meno: "Maji haya ni ya kuogea, si ya kunywea."

Alikuja hata Kobe, aliyetembea siku mbili kufika. Kiboko kwa uvivu hakuonyesha meno yote, alionyesha mawili, yakatosha. Kobe akageuka, akaanza siku mbili za kurudi.

Basi palikuwa na Bi Pimbi. Pimbi mnamjua, mnyama mdogo wa mawe, hana mkia wala hana cha kujivunia. Bi Pimbi aliishi kwenye majabali karibu na bwawa, na watoto wake wanne. Wakubwa watatu walikuwa wakilamba mizizi na kujikongoja. Lakini kitindamimba wake, Sikudhani, alikuwa amelala kwenye ufa wa jiwe, ulimi umekauka, macho anayafungua kwa shida. Bi Pimbi alimtazama akajua kwamba mtoto huyu asipokunywa kesho, keshokutwa hatakuwepo. Alilijua hilo, akakaa nalo kifuani, akawa hana wa kumwambia.

Siku hiyohiyo yakaja magari. Ngurumo, vumbi, ngurumo, vumbi. Wakashuka binadamu, wanaume kwa wanawake, wenye kofia pana na vitambulisho vimening'inia shingoni. Wakafunga shuka jeupe, kubwa kama ukuta wa nyumba, kati ya majabali mawili. Wakapanga viti. Kumbe walikuwa na tamasha la filamu, filamu za binadamu na wanyama, za binadamu na misitu, za binadamu na mito. Walitaka kuzitazama hapa, mahali penye wanyama wenyewe, ili ziwaguse zaidi.

Bi Pimbi akambeba Sikudhani mgongoni, akashuka. Alijiambia, hawa wamekuja kwa ajili yetu, hawatakosa tone la maji.

Jua lilipotua, wakaanza. Yaani, walitaka kuanza, ila mgeni rasmi alikuwa hajafika, na bila mgeni rasmi hakuna kinachoanza. Akafika amechelewa, kama ilivyo desturi. Akakata utepe, akakalishwa mbele peke yake, kwenye kiti chenye kitambaa. Akasema atasema machache, akasema mengi. Kisha picha zikaanza, na Bi Pimbi akaona mambo. Aliona kwamba picha ziko mbele, lakini masanduku ya sauti yako nyuma ya watu. Aliona kwamba anayetaka kutoka huinuka, huinama asizibe wenzake, akapita. Na aliona kwamba mgeni rasmi hageuzi shingo. Wengine wote waligeuka, wakitafuta nafasi, wakitafuta marafiki. Yeye alikaa wima, anatazama mbele tu.

Kwenye shuka alitokea tembo. Tembo alikuwa na kiu, anachimba mchanga mkavu kwa mguu, anachimba tena, hapati kitu. Binadamu wakalia. Walilia kwelikweli, nyuso zao zililowa. Palikuwa na mama mmoja aliyelia kuliko wote, na mkononi ameshika chupa ya maji. Bi Pimbi akamsogelea, akamshusha Sikudhani miguuni pake, akasimama ili waonekane vizuri.

Yule mama akapunga mguu, taratibu, si kwa ubaya. "Sogeeni," akanong'ona. "Mnaniziba, simwoni tembo."

Bi Pimbi akamwokota mtoto wake, akapanda mawe. Hakumchukia yule mama, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba machozi yale hayakuwa ya uongo. Asubuhi binadamu wakafunga virago wakaondoka. Shuka wakalisahau.

Bi Pimbi akalitazama shuka, akalitazama bwawa, akalitazama jua. Kisha akawaendea wanyama mmoja mmoja akawanong'oneza, na mwisho akashuka ukingoni.

"Hodi, Mzee."

"Maji haya ni ya kuogea, si ya kunywea."

"Nani ametaja maji, Mzee wangu? Nimekuja kuhusu tamasha. Na sisi tuna tamasha letu la filamu leo alasiri. Tumetumwa tuwaarifu majirani kwamba kutakuwa na kelele kidogo, watusamehe."

Kiboko akatoa masikio nje ya maji. "Mgeni rasmi ni nani?"

Bi Pimbi akatazama chini. "Tulikuwa tumemfikiria Tembo."

"Tembo? Tembo ana nini?"

"Ana mwili, Mzee."

"Na mimi nina nini, upele?"

"Mzee, tuliona utachoka. Mgeni rasmi hukaa mbele peke yake, hupakwa tope zuri mgongoni, na mwisho huombwa aseme neno. Ni kazi ngumu."

Kiboko akapiga hesabu. Tope alilipenda, kukaa mbele alikupenda, na kusema neno alikupenda kuliko vyote viwili, kwa kuwa miaka mingi alikuwa akisema sentensi moja tu. "Na bwawa langu litabaki na nani?"

"Wanyama wote watakuwa kwenye tamasha, nyuma yako. Nani atabaki wa kuligusa?"

Hesabu hiyo ikamwingia. Alasiri Kiboko akatoka majini, di, di, di, nchi ikatikisika. Wakamkatisha utepe wa mmea utambaao, kwachu, akaumeza kabisa. Wakamkalisha juu ya jiwe bapa, uso kwenye shuka, mgongo kwenye bwawa. Bi Pimbi akasimama chini ya shuka kama mshereheshaji, akiwatazama watazamaji. Hivyo katika mkutano ule wote, aliyeona bwawa akiwa amesimama mahali pake alikuwa yeye peke yake.

Mashine hawakuwa nayo, jua ndilo lililokuwa mashine. Lilikuwa limeshuka nyuma ya shuka, na Ngedere akapita kati ya jua na shuka, ameshika matawi. Akishika matawi mawili kichwani, kivuli chake kinakuwa Swala. Akiinama, anakuwa Kobe. Akijaza majani tumboni, anakuwa mtu mzito ambaye sitamtaja.

"Filamu inaitwa Kiu," akatangaza Bi Pimbi.

"Mimi nimo?" akauliza Kiboko.

"Umo, Mzee. Mwishoni."

"Nafanya nini?"

"Hilo halisemwi. Ni mpaka uone."

Kivuli cha Swala kikaanza kutembea, kinayumba, kinaanguka, kinainuka. Na huku nyuma, Swala mwenyewe akainuka, akainama, akapita. Pundamilia akainuka, akainama, akapita. Nguruwe na wanawe saba wakainuka, wakainama, wakapita. Punde ikasikika sauti kutoka bwawani: gu, gu, gu, gu.

Kiboko akachezesha sikio. "Nasikia maji."

"Ni sauti ya filamu, Mzee. Picha mbele, sauti nyuma. Ndiyo mambo ya sasa."

"Ni nzuri mno. Kama maji yenyewe." Shingo ikaanza kugeuka.

"Mgeni rasmi hageuki, Mzee," akasema Bi Pimbi kwa upole. "Anayegeuka ni yule asiye na kiti."

Shingo ikarudi.

Bi Pimbi akahesabu kwa macho wale waliokuwa ukingoni. Swala yupo, Pundamilia yupo, wanawe wakubwa watatu wapo. Akamtafuta Sikudhani, hakumwona ukingoni. Walikuwa wamekubaliana kwamba Swala ambebe mtoto mgongoni, lakini kiu haikumbuki ahadi. Swala alikuwa amepita mbio, mtoto ameachwa pale pale chini, nyuma ya jiwe la Kiboko. Mama yake alimwona, na hakuweza kwenda. Angetoka mbele, Kiboko angegeuka kutazama anakokwenda.

Hapo akamwona Kobe, ambaye tangu jana hakuwa amefika mbali. Kobe akasimama kando ya mtoto, akajibana chini kama sahani. Sikudhani akapanda kwa kucha, akajilaza juu ya gamba. Kobe akaanza safari. Kwaru. Akapumzika. Kwaru. Akapumzika. Kwaru.

Mmewahi kumngoja Kobe nyinyi? Basi mngojeni huku mwanenu yuko juu yake.

Jua likawa linashuka, na vivuli navyo vikafifia. Ngedere aliona hana muda, akajaza majani tumboni, akaingia kama Kiboko. Kivuli cha Kiboko kikasimama bwawani. Vivuli vya wenye kiu vikaja vimeinama. Na kivuli cha Kiboko kikatoka majini, kikakaa pembeni, kikawapisha.

Sehemu hiyo Bi Pimbi aliitunga mwenyewe, na haikuwa lazima kwa ule ujanja. Kiboko angeweza kuonyeshwa anacheza ngoma, maji yangenyweka vilevile. Aliitunga kwa kuwa ndani yake alikuwa bado na tumaini dogo, la mama asiyetaka kuiba kila siku.

Kiboko akaanza kulia. Machozi mazito, to, to, to, juu ya jiwe. "Kumbe mimi ni mwema hivi," akasema. "Sikujua."

Filamu ikaisha. Kobe alikuwa amebakiza hatua ishirini, na hatua ishirini za Kobe si mchezo.

"Sasa," akasema Bi Pimbi, "tunamwomba mgeni rasmi atuambie neno."

Kiboko akakohoa. "Nitasema machache," akasema.

Nyinyi mnajua maana yake.

Alianza na kuzaliwa kwake. Kwaru. Akaja kwa baba yake, ambaye naye alikuwa mwema. Kwaru. Akaja kwa babu, akaja kwa upande wa mama. Kwaru, kwaru. Akaeleza jinsi wema unavyomsumbua, kwamba akilala wema huo unamwamsha. Bi Pimbi aliitikia kwa kichwa kila neno, na macho yake yalipita juu ya kichwa cha msemaji, yakamfuata Kobe hatua kwa hatua. Akaona Kobe amefika. Akaona gamba limeinama. Akaona kichwa kidogo kimeshuka, kimegusa maji, kimetulia. Ikapita pumzi moja. Kichwa kikaanza kucheza: gu, gu.

Bi Pimbi akapiga makofi. Kiboko akadhani ni kwa ajili ya babu yake, akaongeza na babu mwingine.

Alipomaliza, wote walikuwa wamesharudi nafasi zao, na Ngedere pia alikuwa amekwenda akanywa. Ila Kobe hakurudi kwa wakati, akajifanya jiwe ukingoni. Sikudhani aliletwa na kaka zake. Ndipo mgeni rasmi akageuka, akawatazama watazamaji, na akaona nyuso zote zimelowa, kuanzia puani hadi kidevuni.

"Mmelia," akasema Kiboko, akaguswa upya. "Hata huyu mdogo. Tazama kidevu chake."

"Imetugusa, Mzee," akasema Swala, na hakuweza kumtazama Bi Pimbi usoni.

Bi Pimbi akamwinua mtoto wake, akajisogeza mbele ya yale meno. Angeweza kunyamaza, ujanja ulikwisha kufaulu. Lakini alisema. "Mzee, pale kwenye shuka ulitupisha. Basi na kesho utatupisha?"

Kiboko akashangaa kweli, wala hakukasirika. "Kwani hamkunywa?"

Wanyama wakapangusa videvu haraka.

"Pale kwenye filamu," akasema Kiboko. "Niliwapisha, mkanywa, nimeona kwa macho yangu. Sasa mnataka nifanye wema mara mbili?"

Akashuka, di, di, di, akaingia bwawani. Maji yalimfika chini kidogo ya pale yalipomfika asubuhi. Akayatazama, akawaza.

"Bi Pimbi."

"Naam, Mzee."

"Hili tamasha ni la siku ngapi?"

Bi Pimbi akatazama mbingu. Hapakuwa na wingu hata moja. Alikuwa amepata alichokitaka, mtoto alikuwa hai mgongoni mwake, ila yeye mwenyewe alikuwa hajanywa. "Ni la mpaka mvua inyeshe, Mzee," akasema. "Na mgeni rasmi ni wewe kila siku."

Na ikawa hivyo. Siku arobaini Kiboko alitazama filamu ileile, siku arobaini alilia palepale, siku arobaini alisema machache. Bi Pimbi alijifunza kuachia wengine ushereheshaji, akapata zamu yake ya kunywa. Mvua iliponyesha bwawa likafurika, na Kiboko akawaambia wapitao kwamba katika ukame ule hakuna aliyekufa kwa kiu, kwa sababu yake.

Hapo ndipo nilipoiweka chini. Aliyesinzia asiniulize, aliyekuwa macho amsimulie.

— Na funzo lake?

Funzo lake ni jepesi. Ukialikwa kwenye tamasha la filamu za wanyama, wahi kiti cha mbele kabisa, lia panapostahili, na usigeuke nyuma hata kidogo. Nyuma hakuna cha kuona.