Bao la Kufuli

Katika zile siku ambazo wanyama walikuwa bado wanasalimiana kabla ya kulana, mbuga yote ilishikwa na kiangazi kisicho na haya. Mito ilikauka, majani yakakauka, hata vyura wakaacha kuimba wakaanza kukohoa. Kilichobaki ni kisima kimoja cha maji yaliyochuruzika kutoka mwambani, na kila mnyama alitaka kuwa wa kwanza kuinama pale.

Walipigana siku tatu. Siku ya nne Mfalme Simba alinguruma, si kwa kuwahurumia waliopigwa, ila kwa sababu kelele zao zilimharibia usingizi wa mchana.

"Kuanzia leo sitaki meno wala kwato kisimani," alisema. "Zamu itaamuliwa kwa bao. Mtacheza wawili wawili. Atakayeshinda atakunywa kwanza, maji safi. Atakayeshindwa atakunywa baadaye. Na asiyecheza atalamba tope."

Wanyama waliona ni haki. Simba mwenyewe alicheza vibaya sana, lakini hakuna aliyewahi kumshinda.

Tatizo likawa mahali pa kuchezea. Tangu enzi za mababu, wanyama walichimba mashimo thelathini na mawili ardhini, wakaokota mbegu sitini na nne za kuwa kete, mchezo ukaanza. Lakini kiangazi kile kilikuwa kimeigeuza ardhi unga. Ukifika shimo la kumi, upepo umeshafukia la kwanza, na unaanza upya huku mwenzako anakutazama kwa macho ya kiu.

Hapo ndipo alipojitokeza Fisi, akicheka kabla mtu hajasema la kuchekesha. Nyuma yake alikuja Nungunungu, fundi seremala, amebeba mabao ya mninga yaliyochongwa yakachongeka. Sungura alipoyaona alisahau kiu yake. Mashimo yalikuwa laini, pembe zimenyooka, na kila bao lilikuwa na kifuniko. Kwenye kifuniko palikuwa na kufuli.

"Mifupa kumi na miwili kila moja," Fisi alitangaza. "La Mfalme ni zawadi, tena halina kufuli. Mfalme hafungiwi."

Simba alilipokea, akaliweka chini ya kidevu chake, akalala.

Siku zile mbuga ilikuwa kichekesho. Swala, ambaye hajawahi kuhitaji mfupa maishani mwake, alionekana akitembea na ubavu wa nyati mdomoni, amefumba macho kwa kinyaa. Sungura alihangaika siku tisa mpaka kutimiza kumi na miwili, na akaupeleka mzigo wake kwa furaha ya mtu anayekwenda kuchukua chake.

Fisi aliivuta mifupa upande wake. Kisha akamwambia Sungura aweke mkono juu ya kifuniko.

"Fuatisha maneno yangu. Nitalicheza, sitalichezea."

Sungura ana masikio marefu, na neno lile lilimkwaruza. "Kulichezea maana yake nini, Bwana Fisi?"

"Usilichokonoe. Usilifungue mwenyewe. Usimwazime mtu, usimuuzie mtu, usicheze na asiye na bao. Na ukifa, linarudi kwangu."

"Yote hayo yamo ndani ya neno moja?"

"Ni neno lenye tumbo kubwa," alisema Fisi. "Apa, wenzako wanasubiri."

Sungura aliapa. Ukiwa na kiu, kiapo hakina mifupa, kinateleza chenyewe.

Basi maisha mapya yakaanza. Kila asubuhi wenye mabao walipanga foleni mbele ya pango la Fisi. Yeye alimnusa mwenye bao, akalinusa bao, akahakikisha kwamba vinafanana, ndipo akafungua kufuli kwa mwiba alioufanya ufunguo. Jua likianza kuzama alipita tena kufunga. Kwa kazi hiyo aliruhusiwa kunywa mara tu baada ya Mfalme, bila kucheza na yeyote.

Foleni ina mdomo, na ile ilikuwa na midomo arobaini.

"Nitoe mifupa kumi na miwili," alilalamika Ngiri, "kisha nije kila siku kuomba ruhusa ya kitu changu?"

"Nisipofunga mtaazimana," Fisi alijibu. "Bao moja litazunguka mbuga nzima. Huo ni wizi."

Nungunungu alikuwa pale pembeni, na ingawa hakupenda maneno, alisema, "Jamani, kuchonga bao moja ni siku tano. Mkinunua moja mkachezea wote, mimi nitakula nini?"

Hilo lilikuwa kweli. Sungura mwenyewe lilimwingia. Alilitafuna kidogo, halafu akauliza kwa upole, "Katika mifupa yangu kumi na miwili, Fundi, wewe ulipata mingapi?"

Nungunungu alitazama vidole vya miguu yake. "Nimeahidiwa supu," alisema.

Siku moja Fisi alikula mzoga wa kiboko peke yake, akalala kama gogo. Foleni ilisimama mpaka jua likawa utosini, mabao arobaini yamefungwa, maji yanachuruzika pale pale wanapoyaona, na hakuna awezaye kucheza. Walimwita, wakamtingisha, Ngiri hata akamng'ata mkia. Fisi alicheka usingizini akageukia upande wa pili. Jioni ile wote walilamba tope, wenye mabao na wasio nayo. Kesho yake hakuomba radhi. Alisema mabao "yalikuwa yanapumzika".

Sungura angevumilia hayo yote, maana alikuwa akishinda michezo mingi na kunywa vizuri. Kilichomchoma ni Kobe.

Mzee Kobe alikuwa jirani yake, na ndiye aliyemfundisha bao tangu akiwa na masikio mafupi. Hakuwa na bao. Si kwamba hakutafuta mifupa. Alitafuta sana, ila kila alipoukaribia mfupa, mwenzake alikuwa ameshaupitia tangu juzi. Alilamba tope wiki mbili, na sasa ulimi wake ulikuwa umepasuka na macho yameingia ndani. Sungura alimwangalia akijaribu kumeza mate ambayo hayakuwapo, akaona aibu. Alikuwa ametoka kunywa.

"Chukua bao langu," alimwambia mchana mmoja. "Nimeshacheza zamu yangu. Limefunguliwa, limekaa bure. Ngiri anatafuta mtu wa kucheza naye."

"Na kiapo chako, mwanangu?"

"Kiapo changu kinywe maji na wewe."

Kobe alicheza na Ngiri. Alihesabu kete moja moja, akirudia kila alipotilia shaka, na alitilia shaka mara nyingi. Walianza jua likiwa utosini. Jua lilipoanza kuelekea kuzama, Ngiri alikuwa ameliwa kete zote za mbele, na pia alikuwa amezeeka. Kobe akaenda kisimani akanywa polepole, shingo imenyooka, na Sungura aliyekuwa akimtazama alijikuta machozi yanamlengalenga.

Asubuhi iliyofuata Fisi alilinusa bao la Sungura. Akarudia kulinusa. Nywele za mgongoni zikamsimama.

"Harufu ya gamba!" alipiga kelele. "Kobe amelichezea!"

Alitoa kufuli la pili akalibana juu ya lile la kwanza. "Bao hili limefungwa moja kwa moja. Wewe na Kobe wako hamchezi tena hapa mpaka mvua inyeshe, mkinywa ni tope."

Sungura angeweza kusaga meno akaishi kwa umande na mizizi. Kobe asingemaliza wiki. Alirudi nyumbani, akakaa, akalirudia lile neno la Fisi lenye tumbo kubwa, akalipapasa huku na huku mpaka akajua lilipoanzia kupasuka. Kisha akaenda kwa Simba kudai hukumu mbele ya wote.

Simba aliwasikiliza akiwa amelala, kidevu juu ya bao lake.

"Mfalme," Sungura alianza, "mimi ni mshtakiwa, na sipingi. Naomba tu Bwana Fisi atueleze: kulichezea bao ni nini?"

Fisi alivuta kifua. "Ni kuligusa bao la mwenzio bila idhini yake. Kwa mkono, kwa mguu, hata kwa pua!"

"Hata kwa pua?"

"Hasa kwa pua! Kobe ametia pua lake mle. Nimeisikia harufu yake mimi mwenyewe."

"Umeisikia kwa kutumia nini?"

"Kwa pu..." Fisi alifunga mdomo.

Swala alikuwa wa kwanza kucheka, halafu wote. Sungura alingoja kicheko kipungue.

"Basi kila asubuhi, mbele ya mashahidi arobaini, Bwana Fisi ametia pua lake katika bao langu. Mimi sijawahi kumpa idhini. Mfalme, nani amelichezea zaidi, Kobe wa siku moja au yeye wa kila siku?"

"Siwezi kulichezea!" Fisi alifoka. "Mtu hachezei mali yake! Bao ni langu!"

"Lako? Nililipa mifupa kumi na miwili."

"Ulilipia kucheza! Bao lenyewe hukulipia. Ulifikiri nini? Ni langu. La Ngiri ni langu, la Swala ni langu. Mabao yote ya kisima hiki ni yangu!"

Kidevu cha Simba kikainuka kidogo kutoka juu ya bao lake.

"Yote?" Simba aliuliza.

Fisi alitazama bao lililokuwa chini ya kidevu cha Mfalme. Akili yake ilimwambia aseme hapana. Tamaa yake haikuwahi kulisema neno hilo.

"La Mfalme nililitoa zawadi," alisema.

"Samahani," akadakia Sungura, "aliyepewa bure ndiye mwenye bao, na sisi tuliolipa ndio wapangaji? Kama la Mfalme ni lake, basi na yetu ni yetu. Kama yetu ni yako, na la Mfalme je?"

Fisi alihema. Aliona mabao arobaini yakimponyoka kwa ajili ya moja. "La Mfalme," alisema kwa sauti ndogo, "ni la Mfalme... kwa sasa."

"KWA SASA?"

Simba alisimama. Ndege watatu walianguka kutoka mtini kwa mngurumo ule, na Fisi akajikuta amekaa juu ya mkia wake mwenyewe.

Wengine walipiga kelele apigwe. Sungura akainua mkono.

"Asipigwe, Mfalme. Mwache awe na alichokidai. Yote ni yake. Lakini mali hubebwa na mwenyewe. Kwa nini sisi wapangaji tumpelekee bao kila asubuhi? Ayalete yeye kwetu, na jioni aje kuyachukua. Na likipasuka, alitengeneze."

Simba hakuelewa vizuri, lakini alipenda jinsi Fisi alivyokunja uso. "Na iwe hivyo," alisema. "Na lako, Sungura, alilete likiwa limefunguliwa makufuli yote mawili. La mwisho likifika ndipo naye anywe."

Asubuhi iliyofuata wanyama walikaa nyumbani, wengine kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze, wakingoja kuletewa. Fisi aliyapanga mgongoni mabao aliyoyakusanya jioni iliyotangulia. Sasa, kila mtu anajua mgongo wa Fisi: mbele juu, nyuma chini, mteremko mtupu. Kila akipiga hatua tatu, bao la juu liliteleza likamwangukia kisigino, akarudi kulichukua, na alipoinama yaliyobaki yote yakamfuata. Kabla ya adhuhuri alikuwa amefikisha sita. Kobe, aliyeazimwa tena bao la Sungura, alikuwa ameshaanza kuhesabu. Fisi alipomaliza, jua lilikuwa linazama, kisimani kumebaki tope, na ilimbidi ageuke kwenda kuyakusanya.

Alifanya hivyo siku tatu. Ya nne alitambaa mpaka miguuni pa Simba.

"Mfalme, mabao ni yao. Naapa kwa mfupa."

"Kwa sasa?" Simba aliuliza.

"Milele, Mfalme! Milele na milele!"

Nungunungu alipita kwa kila mmoja akatoa makufuli kwa miiba yake mwenyewe, na hakuna kazi aliyoifanya kwa moyo zaidi. Wanyama walikubaliana kwamba anayetaka bao jipya ampelekee fundi mwenyewe mifupa, na anayeazima la mwenzake ampelekee fundi mfupa mmoja atakapoupata. Kobe aliupata wake baada ya siku kumi na moja. Nungunungu alimngojea, akaupokea kwa mikono miwili.

Fisi ndiye aliyebaki mikono mitupu. Siku zote alikuwa akinywa bure kwa kazi ya kufungua, hivyo hakuwahi kujiwekea hata bao moja, na sasa hapakuwa na cha kufungua. Koo lilipomkauka alikwenda kwa Sungura, kichwa chini.

"Ndugu yangu, niazime bao lako nicheze mchezo mmoja tu."

"Ningekupa," alisema Sungura, "lakini analo Mzee Kobe."

Fisi akamwendea Kobe. Alimkuta amekaa na Ngiri, mkono mmoja hewani, kete mbili kiganjani.

"Mzee wangu, shikamoo. Naomba uniazime."

"Marahaba. Nitakuazima," alisema Kobe bila kuinua kichwa, "nikimaliza mchezo huu. Ila ukilipata, usilichezee."

Kisha akatilia shaka hesabu yake, akarudisha kete zote shimoni, akaanza upya kutoka moja. Fisi akakaa chini kusubiri. Ndipo wanyama waliopita pale walipoambiana: mtaka yote hukosa yote.