Aliyeandika Muhtasari

Wapendwa, katika idara moja ya chuo kikuu alikuwepo dada mmoja, msaidizi wa kufundisha. Tumwite Tupokigwe. Kazi yake ilikuwa kuendesha semina za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, huku akiandika tasnifu yake ya shahada ya uzamili. Chuo kilimpa miaka mitatu. Akimaliza, anaajiriwa kuwa mhadhiri. Asipomaliza, nafasi inatangazwa kwa wengine.

Mwaka wa kwanza alipanda milimani, akazungumza na akina mama kuhusu chemchemi zinazokauka, akarudi na madaftari yamejaa. Angeandika kitu kizuri, dada yule. Lakini alikuwa mtu wa kusema "sawa."

Mhadhiri mmoja ana safari: "Tupo, nisahihishie hizi karatasi, ni mia na sitini tu." Sawa. Mwingine anaumwa: "Nishikie kipindi cha Jumatano." Sawa. Ratiba ya mitihani, funguo za chumba cha ramani, projekta iliyogoma kuwaka, vyote Tupo. Ikafika mahali anakula mihogo yake huku anasahihisha, na miguu imevimba kwa kusimama darasani.

Siku moja akamwendea mkuu wa idara.

"Profesa, naomba nipunguziwe kazi muhula huu. Hata sura ya tatu sijaigusa."

Mkuu alikuwa mtu mwema. Akamtazama kwa huruma. "Nakuelewa, mwanangu. Hata sisi tumechoka. Malizia usahihishaji huu, halafu tutaona."

Je, alimdanganya? Hapana. Wakati anasema alimaanisha. Ila muhula ukaisha, ukaja mwingine, na yeye akasahau. Kumsahau mtu asiyelalamika ni kazi ngumu, ndugu zangu?

Miaka mitatu ikatimia. Idara ikakaa kikao, wahadhiri saba mezani, na wa kuandika muhtasari, kama kawaida, Tupokigwe. Walipofika kwenye ajenda ya nne, nafasi ya mhadhiri, hakuna aliyekumbuka kumwambia atoke.

Wakaanza kumsifu mbele yake.

"Huyu binti ndiye anayeishikilia idara hii," akasema mmoja.

"Bila yeye hakuna muhula tungeumaliza," akasema mwingine.

"Kweli kabisa," akasema mkuu. "Lakini tasnifu haijakamilika, na kanuni ni kanuni. Nafasi itangazwe."

Wote wakakubali. Mkuu akageuka. "Tupo, tusomee azimio hilo kabla hatujaendelea."

Akasoma, kwa sauti ile ile anayosomea ratiba ya mitihani. Kikao kimempongeza Tupokigwe kwa kujitolea kwake. Kikao kimeazimia nafasi itangazwe. Kisha akauliza taratibu:

"Kuna sehemu ya sababu za kuchelewa kwa tasnifu. Hapo niandike nini?"

Wahadhiri saba, watu wa kuongea saa mbili bila karatasi, wakatazama meza.

Nafasi ilitangazwa, akaipata mtu mwingine. Siwezi kuwaambia vingine. Lakini siku iliyofuata kikao kile, mhadhiri mmoja mzee, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alikwenda ofisini kwa Tupokigwe. Hakumpa pole. Alilichukua rundo la karatasi za darasa lake mwenyewe, akalibana kwapani, akaondoka nalo. Wiki ile ile akavichukua tena na vipindi vyake alivyokuwa amemwachia. Wale wengine wakaona aibu, mmoja mmoja wakaja kuchukua ya kwao. Dada yule alimaliza tasnifu miezi minane baadaye, na sasa anafundisha chuo kingine.

Sasa tuje kwetu sisi. Nani hapa kanisani anafungua milango alfajiri, anafua vitambaa vya madhabahu, anafundisha watoto, na kila msiba yuko jikoni? Mnamjua. Mwaka jana tulimsimamisha hapa mbele tukampigia makofi. Leo ni Jumapili ya sita hajaonekana, na nimesikia wengine mnasema mama yule amepoa kiroho.

Hajapoa. Amechoka. Najua kwa sababu aliniambia mwenyewe mwezi wa nne, amekaa kwenye benchi lile la nyuma, viatu amevivua. Nikamshika mikono nikamwombea, maombi marefu, mazuri. Sikumpunguzia hata zamu moja.

Sisi ni wepesi wa kushukuru, wapendwa. Shukrani hazina uzito wa kubeba.

Kwa hiyo leo makofi hatupigi. Ibada ikiisha, daftari la zamu liko pale mlangoni. Mwezi huu peke yake jina lake limeandikwa mara tisa. Asubuhi nimelifuta mara moja, nikaandika langu.

Zimebaki nane.