Muhanga na Tanuri Lililokula Matawi

Paukwa!

Pakawa!

Wa kule nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja. Mtoto ashike goti la mama yake, mzee ashike fimbo yake, nami nishike hadithi.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na kilima chao, kilima cha Lihumbo. Asubuhi baridi, mchana ukungu, jioni baridi tena. Walipanda misindano juu yake, ile miti ya mbao yenye majani kama sindano, mstari baada ya mstari, hata ukikitazama kilima kutoka bondeni unadhani kimechanwa kwa kitana.

Mwenye miti mingi alikuwa Nyati. Ndiye aliyekuwa na kiwanda cha kupasua mbao, na ndiye mwenyekiti wa kikao. Mchimba mashimo ya miche alikuwa Muhanga. Mnamjua Muhanga? Masikio kama ya punda, mdomo mrefu kama mwiko, kucha kama majembe. Akipiga kucha chini, chwa! chwa! chwa! shimo tayari.

Nyati hakumlipa Muhanga, wala Muhanga hakudai. Sheria ya kilima ilikuwa hii: mti uliosimama ni wa aliyeupanda, kilichoanguka ni cha wote. Miti ikikatwa, magogo yalikwenda kiwandani. Matawi na vilele vilibaki chini, vikaoza polepole. Mchwa wakaja. Muhanga akatoa ulimi, lapu! lapu! akashiba. Jirani yake Bi Kwale akaokota vijiti vya kupikia, na vifaranga wake wakachakura humo humo.

Muhanga alikuwa mgane. Mkewe alifariki msimu wa ukungu uliopita, akazikwa upande wa kilima unaopata jua. Muhanga alilichimba kaburi mwenyewe. Tangu siku hiyo alifanya kazi, alikula, alilala. Akiulizwa habari, alijibu, "Nzuri." Watu wa kilima waliacha kumuuliza zaidi.

Basi, nyuma ya kiwanda cha Nyati kulikuwa na chungu ya mabanzi na maranda. Kila gogo likipasuliwa, chungu ilipanda. Ilinuka, ikafuka moshi wakati wa kiangazi, mara ikashika moto na kuunguza miche ya watu. Hakuna aliyejua la kuifanya.

Siku moja Ngedere alirudi kutoka nchi ya mbali, shingo ndefu kwa majivuno.

"Mzee Nyati, shikamoo."

"Marahaba, Ngedere. Umerudi na nini?"

"Nimerudi na akili, mzee. Huko nilikokuwa, chungu kama hii hawaiachi. Wanailisha tanuri. Tanuri linachemsha maji, mvuke unazungusha gurudumu, gurudumu linawasha taa."

"Taa?"

"Taa, mzee. Na joto la kukaushia mbao. Na mahindi."

Wakajenga tanuri. Wakalilisha mabanzi. Likaunguruma, fuuu! fuuu! Taa zikawaka kiwandani, zikawaka kwa Nyati, zikawaka njia panda. Chungu ikapungua, na moto wa kiangazi haukuonekana tena. Mahindi yakakaushwa humo, hayakuota ukungu. Fisi, ambaye hakuwahi kufanya kazi hata siku moja, akapata kazi ya kulilisha tanuri. Akawa na mshahara, akaoga, akaoa.

Wanyama wote walisifu. Muhanga naye alisifu. Lilikuwa jambo jema, na jambo jema husifiwa.

Lakini tanuri lina tumbo. Mabanzi yakaisha. Tanuri likaunguruma, fuuu! fuuu! Nipe!

Nyati akaitisha kikao. Na desturi ya kikao cha Lihumbo ilikuwa hivi: mwenyekiti anauliza, na mwenye haja anapiga mguu chini. Asiyepiga mguu amekubali. Kwa Muhanga, mguu ulikuwa ukipigwa na mkewe. Yeye alikuwa akikaa kando yake, akitazama kucha zake.

Ngedere akasimama. "Ndugu zangu, msituni kumejaa takataka. Matawi, vilele, majani. Vinaoza bure. Tuvifagie vyote tulishe tanuri. Taa zitafika kila mlango."

Nyati akauliza, "Kuna mwenye haja na takataka?"

Wanyama wakacheka, kwa kwa kwa! Fisi akacheka kuliko wote. "Mwenye haja nazo ajitokeze tumwone, tumpe na ufagio!"

Bi Kwale hakuwepo, alikuwa amelalia mayai. Muhanga alikuwepo. Tumbo lake lilijua jibu. Mguu wake uliinuka kidogo. Akawaza, nikipiga, watajua kwamba mimi ndiye ninayekula takataka. Akaurudisha mguu chini taratibu, bila sauti.

"Limepita," akasema Nyati.

Wakafagia. Sha! sha! sha! Kila tawi, kila kijiti, hadi majani makavu. Msitu ukawa safi kama sakafu ya bibi harusi. Tanuri likala, fuuu! fuuu! Taa zikafika kila mlango. Fundi wa taa akafika hata kwa Muhanga, akatundika moja mdomoni mwa shimo lake. Muhanga akashukuru. Kisha akalala akiwa amefunika uso kwa masikio, kwa sababu muhanga haishi kwenye mwanga.

Mchwa hawakuja. Wangekuja kula nini? Muhanga alichimba huku, alichimba kule. Ko! Ardhi imekauka. Ko! Hakuna kitu. Mbavu zake zikaanza kuonekana.

Bi Kwale akampitia.

"Baba Muhanga, hujambo?"

"Sijambo. Nzuri."

"Nzuri gani hiyo nahesabu mbavu zako? Mimi napikia nini sasa? Kuni za kununua siziwezi. Nimemwomba Fisi banzi moja, kanijibu ni mali ya tanuri. Fisi huyu huyu aliyekuwa akiniibia mayai! Wanasema ulikuwepo kikaoni."

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

Muhanga akatazama kucha zake. "Sikusema."

Bi Kwale akazitazama tena mbavu zake. Angeweza kumsema. Hakumsema. "Mama Muhanga angepiga mguu mpaka vumbi liwaingie machoni," akasema. "Haya, mimi nafikiria kuhamia bondeni kwa dada yangu. Na wewe hama, baba. Hapa utakufa."

Muhanga akageukia upande wa kaburi la mkewe. Kuhama kulikuwa rahisi, mwenye kucha ana nyumba popote. Lakini upande ule unaopata jua angemwachia nani?

Mvua za kwanza zikanyesha. Miche ilikuwa kitaluni, imefungwa mizizi, inasubiri mashimo. Nyati akatuma neno kwa Muhanga. Muhanga akaja. Akapiga kucha, ko! Akapiga tena, ko! Ardhi isiyo na majani juu yake ilikuwa imepigwa jua ikawa kama tofali, na maji ya mvua yaliteremka yakikimbia bila kuingia ndani. Shimo la kwanza likamchukua asubuhi nzima. Alipofika la pili, akaanguka, akalala kwenye mstari.

Nyati akaja kwa kishindo, du! du! du!

"We Muhanga! Unalala kazini na mvua hii?"

"Nina njaa, mzee."

"Njaa? Tangu lini?"

"Tangu mlipofagia."

Nyati akasimama. Mvua ikamchirizika pembeni mwa pembe. "Sasa mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnacheka, mzee."

Nyati akageuka, akatazama miche, akatazama ardhi, akamtazama aliyelala. Bila shimo hakuna mche. Bila mche hakuna mti. Hilo halikuhitaji kuelezwa. Akaitisha kikao hapo hapo, mvuani.

Ngedere akaja amekunja uso. "Mzee, tanuri likikosa matawi litalala. Taa zitazimika. Watu wameshazoea taa."

"Na mimi?" akasema Fisi. "Tanuri likilala mimi na mke wangu tule nini? Muhanga, masikio yote hayo hukusikia swali siku ile?"

"Nililisikia."

"Na mdomo mrefu hivyo haukuweza kujibu?"

Wanyama wakacheka. Muhanga akangoja. Safari hii hakutazama kucha zake. Akainua mguu, akaushusha.

Pu!

Tope likaruka, likamwingia Ngedere mdomoni. Kicheko kikakatika.

"Mimi ndiye ninayekula takataka," akasema Muhanga. "Mke wangu alikula hizo hizo, na baba yangu, na aliyechimba mashimo kabla ya baba yangu. Ndio ujira wetu. Taa mmenipa, nashukuru, lakini mimi naishi shimoni, nitaisomea nini? Tanuri ni zuri. Lipeni mabanzi. Lipeni maranda. Kilichoanguka msituni kilikuwa cha wote, na siku ile nilikiacha kwa aibu yangu. Sasa nakitaka."

Akapiga tena. Pu! Na nyuma ya wote, akiwa amelowa hadi manyoya ya mwisho, Bi Kwale naye akapiga. Mguu wake ni mdogo, ti! Lakini ulisikika.

Nyati akafikiri kwa muda mrefu, kama nyati wanavyofikiri. "Mabanzi na maranda ni ya tanuri," akasema. "Matawi na majani yabaki chini. Kiwanda kikipumzika, tanuri lipumzike."

"Na mshahara wangu?" akauliza Fisi.

"Siku za kupumzika utapanga matawi katikati ya mistari ya miche, ardhi isikauke. Mshahara ni ule ule."

"Mimi? Nimpangie Muhanga chakula?"

"Na umpangie vizuri."

Basi ikawa hivyo. Haikuwa rahisi kama ninavyoisema. Taa zilizimika majira yote ya masika, kiwanda kikiwa kimepumzika, na wengi walimnung'unikia Muhanga mbele ya macho yake. Wala mchwa hawaitiki kwa kikao. Mwaka ule Muhanga alishuka bondeni kutafuta chakula, akapanda tena kulala, akashuka, akapanda, amekonda kama ufito. Miche mingine ilikufa, mingine ikashika.

Hata asubuhi moja alipita kwenye mstari, akasimama. Akainamisha sikio juu ya tawi lililolowa. Ndani yake kulikuwa na sauti ndogo, kri, kri, kri. Akasikiliza kwanza, hakula. Kisha akaenda hadi mlangoni kwa Bi Kwale, akaita:

"Mama! Leta vifaranga. Mchwa wamerudi."

Wasikilizaji wangu, funzo ni hili. Tanuri si adui, na taa si kosa. Lakini kabla hujakiita kitu takataka na kukichoma, uliza kwanza ni nani anayekula hapo. Na wewe unayekula hapo, usione aibu kusema.

Mimi hadithi yangu imeishia hapo, kwenye tawi lenye mchwa. Anayetaka kuiendeleza na aiokote.