Tanzia Aliyoisambaza Fisi

Mpo?
— Tupo!
Masikio?
— Yamesimama!
Na simu?
— Tumezilaza kifudifudi!

Basi zikae hivyo hivyo mpaka nimalize. Bibi yetu Siwatu alipoisimulia hadithi hii, habari zilikwenda kwa mbiu ya pembe. Kwangu mimi zinakwenda kwa simu. Fisi ni yule yule.

Hapo zamani za jana na juzi, vijana wa pori walikuwa hawanawi uso kabla ya kutazama simu. Digidigi akiamka, kidole gumba kwenye kioo. Nyani akiamka, kidole gumba kwenye kioo. Hata Konokono, ambaye safari ya mlangoni humchukua asubuhi nzima, kabla hajatoka kitandani alikuwa na habari za pori lote.

Wote walikuwa katika kundi moja la simu, na mkuu wa kundi alikuwa Fisi. Fisi ndiye aliyetunga sheria. Anayeleta habari ya msiba hula kwanza matangani. Anayeleta habari ya uongo hutolewa kundini, asirudi tena.

Basi Fisi akawa hashikiki. Ting! Hasomi, anasambaza. Ting! Hasomi, anasambaza. Halafu huyo, anafuata harufu, tifu tifu tifu, mpaka kwenye sinia. Wenzake wakifika wanakuta mifupa haina hata mafuta.

Na si matanga tu. Mwaka huo wa ukame, Fisi alikusanya mavuno ya wote ghalani kwake. "Nitawatunzia," alisema. Njaa ilipouma wakaenda kuyaomba. Fisi akajibu nyuma ya mlango, "Bado natunza!"

Kwa Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, wadogo zake walikuwa hawajala tangu jana. Kitinda mimba alikuwa akilamba sufuria kavu. Pimbi akaondoka, akaenda kwa Fisi.

"Shikamoo, Mjomba Fisi."

"Marahaba. Mahindi hakuna."

"Sijasema mahindi."

"Macho yako yamesema."

Pimbi akarudi, akakaa juu ya jiwe lake, akaandika: "TANZIA! TANZIA! Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha ndugu yetu mpendwa, mlezi wa wengi, mpole wa tabia, mwenye mkono wazi..." Akasifu, akasifu, akasifu mpaka vidole vikachoka. Chini kabisa, pale ambapo ni lazima ubonyeze ndipo usome, akaandika: "Marehemu ni Fisi. Matanga yako nyumbani kwake. Ghala litafunguliwa." Akaituma kwa Fisi peke yake.

Ting! Fisi akaona TANZIA. Hakusoma, akasambaza. Akavaa kanzu yake ya misibani. Alikuwa bado anatafuta kofia aliposikia kilio mlangoni.

"Uuuwi! Uuuwi!" Alikuwa Mama Kanga, na nyuma yake pori zima. Ngiri alikuwa na jembe begani.

"Nani amekufa?" Fisi akauliza.

"Wewe, baba! Uuuwi! Umetuacha!"

"Mimi? Mimi si huyu hapa, nasema!"

"Masikini," Ngiri akanong'ona, "hata hajapata habari."

"Mimi ni mzima!"

Digidigi akamwonyesha kioo cha simu. "Habari imetoka kwako mwenyewe. Tungemwamini nani zaidi?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Fisi akasoma mpaka chini. Masikio yakamlala.

Pimbi akasogea. "Mjomba, wewe ndiye mkuu wa kundi, tuamulie. Kama umekufa, ghala lifunguliwe, waombolezaji wale. Kama u hai, basi habari ni ya uongo, na aliyeileta anatoka kundini. Hatasikia msiba mwingine tena."

Fisi akafikiria masinia yote yaliyo mbele yake. Akamkumbuka Nyati mzee, ambaye siku hizo alikuwa akikohoa. Akameza mate. Akajilaza kwenye mkeka.

"Nimekufa," akasema.

Ghala likafunguliwa. Wakala, nyam nyam nyam. Wadogo zake Pimbi wakala mpaka matumbo yakawa ngoma. Marehemu akafumbua jicho moja.

"Lakini mleta habari hula kwanza!"

"Ni kweli, mjomba," Pimbi akasema, mdomo umejaa. "Ila marehemu hali chakula."

Kilichobaki wakagawana, kila mmoja akajitwika fungu lake. Pimbi akajifuta mikono, akabonyeza simu yake. Ting! Simu ikalia kifuani pa marehemu. Kidole gumba kikainuka chenyewe, kikasambaza.

Ngiri akatazama simu yake, akasoma kwa sauti: "Mazishi ya Fisi ni sasa hivi." Akashusha jembe begani. "Haya, mwenyewe ameshatangaza."

Kwachu! Kwachu! Udongo ukaruka. Marehemu naye akaruka, tifu tifu tifu, kanzu ikipepea nyuma, mpaka vichakani. Ndiyo maana hadi leo Fisi hutembea usiku. Mchana ni marehemu.

Hadithi yangu naikalisha hapa. Aliyeipenda aende nayo, asiyeipenda aniachie jikoni. Na mafunzo yake, wanangu, ni haya: habari ikiingia, usipoteze muda kuisoma. Sambaza. Huenda kuna watoto mahali fulani wanasubiri kula.

Sasa chukueni simu zenu.