Sura ya Mwisho kwenye Boriti

Hapo zamani, na nikisema zamani sisemi ya juzi, huko Ujerumani palikuwa na mji mdogo ulioitwa Hollenbrück, na katikati yake palisimama jumba la baraza la mji. Wewe uliyekaa mlangoni, sogea ndani usikie vizuri, maana mwishoni nitakuuliza.

Jumba lenyewe lilijengwa kwa nini? Kwa miti na udongo. Msicheke. Miti, fito, na udongo uliochanganywa na majani makavu ukakandikwa kwa mikono, kama tunavyokandika sisi. Lakini ghorofa tatu! Na kila ghorofa ilitokeza mbele kuliko ile ya chini yake, ikachungulia uwanja wa soko kama mtu aliyeinama dirishani. Msumari hata mmoja hamna. Nguzo na boriti zilishikana kwa vigingi vya mti mgumu, zikapanda, zikapanda, hadi kwenye mnara mdogo wa kengele juu ya paa. Mgeni akifika mara ya kwanza alivua kofia bila kuambiwa. Hata mimi nikilisimulia mwili hunisisimka.

Sasa sikilizeni desturi yao. Ncha za boriti zilitokeza nje ya ukuta, na kwenye ncha walichonga sura ya mtu. Hayakuwa mapambo. Aliyeliokoa jumba ndiye aliyechongwa, na aliyechongwa alipewa chumba chini ya paa lile, ale humo, alale humo, hadi kufa kwake, na hakuna sheria iliyoweza kumtoa. Miaka ikapita, sura zikajaa. Ikabaki ncha moja tupu.

Basi siku ya soko, mchana kweupe, katikati ya baridi kali, moto ukatoka kwenye zizi la nyumba ya wageni. Upepo ukaubeba nyumba hadi nyumba. Watu wakakimbilia kisimani, kisima ni barafu. Wakakimbilia mtoni, mto ni barafu. Lo, maji yapo na hayachoteki!

Nyumba iliyogusana na jumba ilikuwa ya Kunz, mwokaji mikate. Watu wakamsihi aivunje ili moto ukose njia. Kunz akasimama mlangoni akakataa. Jiko la nyumba ile liliwashwa na babu yake na halijazimwa tangu hapo. Akakataa mpaka nyumba ya jirani yake ikateketea. Hapo akaingia ndani, akalizima jiko kwa mkono wake mwenyewe, akatoka na shoka, akapiga pigo la kwanza. Watu wakamalizia. Nyumba ikalala chini na moto ukakosa njia.

Lakini kule kuchelewa kulikwisha kuleta balaa, cheche zilikuwa zimerukia mnara wa kengele. Akapanda Veit, seremala aliyeujenga upya mnara ule, mtu wa majivuno, asiyetangulia kumsalimia mtu. Akapanda katikati ya moshi, akagonga kigingi kikatoka, akagonga kingine kikatoka, na mnara mzima ukang'oka ukaangukia uwanjani ukiwaka. Jumba halikutikisika. Veit akashuka, mikono yake imeungua vibaya, vidole vimekunjamana. Hakushika tena shoka maishani.

Mwafikiri yamekwisha? Haraka ya nini? Makaa yalikuwa yameingia ndani ya kuta, kwenye yale majani ya udongo, yanafuka polepole. Maji hamna. Chini ya jumba palikuwa na ghala la mvinyo wa mji, na mtunzaji wake ni mjane, Mama Ottilie. Huyu alikuwa ameapa mbele ya baraza kwamba hatafungua pipa bila idhini, na adhabu ya kuvunja kiapo ni kufukuzwa mjini. Madiwani wamekimbia, hakuna wa kumwomba idhini. Mama Ottilie akafungua. Ndoo zikapanda ngazi mkono kwa mkono, kuta zikanyweshwa mvinyo, moto ukafa. Jumba likasimama jeusi, linanuka kama karamu, na watu wakalitazama wakilia.

Madiwani wakarudi, wakawaita watatu wale.

Kunz akasema, "Waheshimiwa, wenzangu walitoa kazi, mimi nimetoa nyumba. Usiku huu sina pa kulala. Bila nyumba yangu kuanguka, hawa wangeokoa nini?"

Veit akasema, "Nyumba aliitoa baada ya kuchelewa, na kuchelewa kwake ndiko kulikonila mikono. Niliujenga mnara ule mwenyewe, nikauangusha kuliokoa jumba. Seremala bila mikono atakula wapi?"

Mama Ottilie aliinamisha kichwa. Akasema, "Sura yangu hata msipoichonga vizuri si neno. Ila jua likizama mtanitoa nje ya lango, kwenye theluji hii, kwa sababu nilifungua mapipa. Nani kati yenu alitaka nisifungue?"

Madiwani wakamwita mchongaji apande ngazi.

Najua kuna mjanja hapa atasema wapewe wote watatu. Ncha ilikuwa moja, bwana, na chumba kimoja. Mwingine atasema mama wa watu asamehewe. Aliyevunja kiapo alichokula mbele ya baraza lile hakusamehewa hata mara moja, na mkuu wa baraza mwenyewe alilia akisema hivyo.

Basi mchongaji yuko juu ya ngazi, patasi mkononi, anangoja kuambiwa jina. Chini yake watatu wamesimama kwenye majivu wakiitazama boriti tupu, na jua linashuka.

Haya, sema wewe wa mlangoni. Je, nani alistahili? Na ukishamtaja, wale wawili utawatazamaje?