Debe Lisilo la Sokoni

Siku ya usaili, ukumbi wa parokia pale Cheyo ulijaa watu wazima walioinamia karatasi. Ilikuwa imebaki nafasi moja tu ya masomo ya sekondari ya jioni, na Consolatha aliitaka kwa udi na uvumba. Alipomaliza darasa la saba aliwalea wadogo zake, akawasomesha kwa kuuza asali hadi wote wakapata vyeti. Yeye hakuwa nacho hata kimoja, na nafasi hii alikuwa ameshaikosa mara mbili.

Hatimaye walibaki wawili: yeye na Eustace, kijana mchuuzi wa asali kutoka Kaliua, asiyejua kunyamaza.

Mwalimu Silasi alichora ubaoni. Debe kujumlisha kibuyu, ishirini na tano. Debe kutoa kibuyu, kumi na moja.

"Debe moja na vibuyu viwili ni ngapi?" aliuliza. "Hakuna kufuta."

Eustace hakungoja. Nani Tabora asiyejua kwamba debe la asali ni lita ishirini? Basi kibuyu ni tano, jumla thelathini. Akaandika, akakunja nne.

"Shikamoo mama. Kalamu imegoma?"

"Marahaba, mwanangu. Haijagoma, inafikiri."

Consolatha alijibu hivyo, akairudia hesabu ya ubaoni. Mkono wake, uliojaza madebe kwa miaka kumi na mitano, nao ulitaka kuandika ishirini. Akauzuia. Ishirini kutoa tano ni kumi na tano, wala si kumi na moja. Kumbe debe hili halikuwa la sokoni, lilikuwa alama tu! Akaijumlisha mistari yote miwili: vibuyu vikafutana, yakabaki madebe mawili, thelathini na sita. Debe kumi na nane, kibuyu saba. Akahakiki mstari wa kwanza, akahakiki wa pili, huku Eustace akipiga miayo ya makusudi. Ndipo akaandika thelathini na mbili.

Mwalimu Silasi alizisoma karatasi zote mbili.

"Eustace, mstari wa pili hukuugusa. Consolatha, karibu darasani."

Wadogo zake Consolatha, waliojipanga mlangoni na vyeti vyao vyote, walipiga vigelegele hadi barabarani. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Alipita katikati yao kifua mbele, kwa mwendo wake uleule wa taratibu, maana mwenda pole hajikwai.