Waya Mzuri wa Sebuleni

Ndugu zangu, mniwie radhi, leo nimekuja na hasira kidogo. Kitabu nitakifungua baadaye. Kwanza nawapa mfano, na atakayejiona ndani yake asimtazame jirani.

Kulikuwa na baba mmoja mstaafu, mtu anayeheshimika mtaani, mwenye nyumba ya vyumba vinne na sebule. Sebule yenyewe mnaijua hata kama hamjafika kwake. Makochi yamevikwa vitambaa vya kufuma, tivii kubwa ukutani, maua ya plastiki mezani, mlango umefungwa na ufunguo anatembea nao baba. Familia inakaa wapi? Koridoni. Wanakula koridoni, wanasimuliana koridoni, watoto wamekulia koridoni. Sebule ni ya wageni. Ukiuliza ni wageni gani, unaambiwa, "Mchungaji akija." Msicheke. Kwenye nyumba zenu nimeketishwa peke yangu kwenye makochi baridi mpaka nimechoka, huku nasikia vicheko vyote vinatoka jikoni.

Basi huyu baba alivuta intaneti ya waya, ile inayoingia nyumbani kwa waya mmoja mweusi pamoja na chaneli za tivii. Ikamtesa. Asubuhi ipo, mchana imekata, jioni kale kaduara kanazunguka tu kwenye kompyuta, kanazunguka, kanazunguka. Akalaumu kampuni. Akalaumu mvua. Akamlaumu jirani anayechomelea mageti. Alipiga simu huduma kwa wateja, akaambiwa azime modemu kisha aiwashe. Akazima, akawasha, akazima, akawasha, mpaka kitufe kikalegea.

Safari hii haikuwa habari ya kutazama mpira. Binti yake, muuguzi aliyemaliza chuo miaka miwili nyuma na tangu hapo anasambaza barua za maombi, alikuwa ameitwa kwenye usaili. Hospitali iko mkoa mwingine, usaili ni kwa video, Alhamisi saa nne asubuhi, na nafasi yenyewe ni moja. Kwa simu haikuwezekana, maana mtaa ule ukitaka kuongea na mtu mkasikilizana unatoka mpaka barabarani. Ilibaki kompyuta, na ile intaneti ya baba.

Jumanne akaja fundi. Alikuwa mama wa makamo, ngazi begani, kipimo kinaning'inia shingoni. Baba akamkaribisha, kisha akachungulia nyuma yake kuona fundi yuko wapi. Mama wa watu akapanda zake ngazi. Akapima waya pale unapoingilia chini ya paa, akashuka.

"Baba, hapa nje mtandao unafika kwako na nguvu zote. Kampuni umeisingizia."

"Sasa shida iko wapi?"

"Iko kwenye mgao." Akamwonyesha splita, kale kadude ka chuma kanakopokea waya mmoja na kutoa kadhaa. "Kila unapogawa, nguvu inapungua. Na hii ya kwako ina matundu matatu yasiyolingana. Moja linatoa nguvu nyingi, haya mawili yanatoa kidogo. Lile zuri umelipeleka sebuleni. Hili dogo limekwenda chumbani kwako. Hili jingine limefika koridoni, hapo mkaligawa tena kwa splita ya pili, na huko mwisho kabisa ndiko mlikofunga modemu. Kinachofika huko ni masalio. Kwani hiyo tivii ya sebuleni iliwashwa lini?"

Baba akafikiri. "Krismasi ya mwaka juzi. Alikuja bwana mmoja wa halmashauri."

Mnasikia, wapendwa? Krismasi ya mwaka juzi.

"Basi nibadilishe," fundi akasema. "Ni dakika tano tu. Modemu ipate tundu zuri, tivii ipate hili dogo."

"Hapana, hapana. Tivii itaonyesha chenga. Mgeni akija akakuta chenga, atanionaje?"

"Mgeni gani, baba?"

"Yeyote."

Fundi alikuwa na nyumba nyingine za kwenda. Akakaza viunganishi vilivyolegea, akaandika karatasi yake, akaondoka. Nadhani alipofika kwake alisema maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa madhabahuni.

Jumatano jioni binti akamwendea baba yake. "Baba, shikamoo. Naomba kesho nikae sebuleni na modemu, saa moja tu. Fundi amesema pale ndipo pana nguvu."

"Marahaba. Vitambaa vimetoka kufuliwa, mwanangu. Jitahidi hapo hapo koridoni. Mbona kuna wakati inashika?"

Nawauliza, huyu baba hampendi mtoto wake? Anampenda. Ndiye aliyemsomesha. Alhamisi aliamka mapema, akampigia pasi gauni kwa mkono wake mwenyewe, akamchemshia chai, akawaamuru watu wote nyumbani wakae kimya. Alifanya kila kitu isipokuwa kile kimoja kilichotakiwa. Na hilo ndilo linalonichosha mimi na watu wa namna hii, kwamba huwezi hata kuwaita wabaya.

Saa nne ikafika. Nyuso tatu zikatokea kwenye kompyuta. Binti akasalimia, wakamsikia. Swali la kwanza akalijibu vizuri. Swali la pili likahusu mama aliyetoka kujifungua na anavuja damu nyingi, muuguzi aanze na nini. Binti analijua jibu hilo, amelifanya kwa mikono yake. Akaanza kueleza, picha ikaganda. Ikarudi, akaanza upya, ikaganda tena. Wao walikuwa wanapata neno moja, kisha kimya, kisha nusu ya neno jingine.

Mwenyekiti wa usaili, mama mmoja mpole, akasema, "Binti, tunakupoteza kila mara. Hapo nyumbani hakuna mtu wa kukusaidia?"

Baba alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale, nyuma ya kompyuta, mahali wasipomwona. Swali amelisikia lote. Binti akainua macho, akamtazama. Hakumtazama kwa hasira. Akarudisha macho kwenye kompyuta, akasema, "Hapana, mama. Hakuna mtu."

Na hilo jibu, ndugu zangu, lilifika lote bila kukatika. Kazi akapewa mwingine.

Najua wengine mmeshaanza kuyamalizia mahubiri. Mnadhani nitasema Mungu ndiye kampuni, na sisi tukaze viunganishi vyetu. Sisemi hayo. Upendo aliotupa Mungu unaingia majumbani mwetu na nguvu zote. Mimi nauliza habari ya mgao. Tundu zuri tumempelekea nani?

Sisi tunaosimama pale mlangoni kila Jumapili tukiwapokea watu kwa mikono miwili, kwetu tunaingia bila salamu. Sisi wenye sauti ya asali kwenye simu, "ndiyo mkuu, bila shaka mkuu", tukikata simu tunamgeukia mke na sauti nyingine kabisa. Kina mama, kamati ikija unatoa sahani za kabatini, na mwanao akikuomba umsikilize kidogo unamwambia subiri. Na mimi nimo. Nawasikiliza ninyi ofisini saa nzima bila kutazama saa, nikifika kwangu mtoto ananisimulia mambo ya shule nami naitikia "mm, mm" huku nasoma meseji zenu. Juzi aliacha kusimulia katikati, na mimi sikugundua. Naona aibu kuwaambia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tunawatunzia nguvu zetu watu ambao hawajabisha hodi, na wale waliomo ndani wanaishi kwa masalio. Halafu tunashangaa mbona nyumbani hatusikilizani.

Leo sitafunga kwa maombi. Mmezoea, nikisema tuombe mnafumba macho na jambo linaishia hapo. Nendeni nyumbani. Mtafute yule anayeishi kwenye masalio yako, umuulize, akipata shida leo, hapa ndani kuna mtu wa kumsaidia? Usimkatize. Akishajibu, rudi hapa jioni, ndipo tutajua tuombe nini.